Somo la Baharini: Ukiachilia Mafuta, Umeachilia Usukani

Msimu wa likizo unapowadia, ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, ambao wengi wanaufahamu kwa jina la Pirates, hujaa watu tangu asubuhi hadi jua linapozama. Familia kutoka Kisauni, Changamwe na Likoni hukutana hapo na wageni waliosafiri usiku kutoka bara. Watoto hukodisha tyubu za magari za kuelelea, vijana hucheza kandanda kwenye mchanga mgumu maji yakipwa, na ngamia hupita wakiwa wamebeba wageni wanaopiga picha. Katikati ya shughuli hizo husikika mlio wa jetski, zile pikipiki za majini ambazo vijana wetu hukodisha kwa dakika au kwa saa.

Kwa wengi, jetski ni mbio za dakika kumi mbele ya ufuo. Hata hivyo, ipo huduma nyingine inayoendelea kupendwa na wageni wa kisiwa na mwambao wetu: ziara ya kuongozwa. Mgeni huendesha chombo chake nyuma ya kiongozi anayeijua bahari, huonyeshwa mwamba, mlango wa bahari na mandhari ya mji kutoka majini, kisha hurudishwa ufuoni salama. Ikifanywa vyema, ziara hii huwapa vijana kazi na mgeni kumbukumbu nzuri. Ikifanywa vibaya, anayeumia huenda asiwe mgeni aliyelipa, bali mtoto aliyekuwa akiogelea au mvuvi aliyekuwa akitega nyavu zake.

Somo hili linawalenga wakazi wote: anayetaka kufanya ziara, anayeongoza ziara, na yule ambaye hana haja na jetski ila anataka kuoga bahari kwa amani.

Chombo chenyewe

Wazo la pikipiki ya majini lilianzia Marekani katika miaka ya 1960, kwa mwendesha pikipiki aitwaye Clayton Jacobson II. Kampuni ya Bombardier ya Kanada ilitoa Sea-Doo ya kwanza mwaka wa 1968, na mapema katika miaka ya 1970 kampuni ya Kawasaki ya Japani ikaanza kuuza chombo ilichokiita Jet Ski. Jina hilo la biashara ndilo lililozoeleka hata kwa vyombo vya kampuni nyingine.

Jetski haina panga linalozunguka nje kama boti ya injini. Chini ya tumbo lake kuna tundu linalovuta maji, na ndani kuna pampu inayoyasukuma maji hayo kwa nguvu hadi mdomo ulio nyuma. Maji yanayotoka ndiyo yanayosukuma chombo mbele. Mwendeshaji anapogeuza usukani, anageuza mdomo huo wa nyuma ili maji yatoke upande mmoja, na chombo hufuata.

Ni muhimu kuelewa jambo hili kwa sababu kila kosa kubwa la mwendeshaji mgeni linaanzia hapa. Kama maji hayatoki nyuma, usukani hauna cha kugeuza. Ukiachilia leva ya mafuta ghafla, chombo hakisimami wala hakipindi. Kinaendelea mbele kwa mwendo kiliokuwa nao, hata ukikunja usukani hadi mwisho.

Jetski ya viti vitatu mara nyingi huwa na uzito wa zaidi ya kilo 300 bila abiria. Ikiwa inakwenda kilomita 40 kwa saa, inapita takriban mita 11 kwa kila sekunde. Hesabu sekunde tatu za mshtuko, na umbali huo unatosha kupita kundi zima la waogeleaji. Aina kadhaa mpya zina breki au mfumo wa kusaidia kupinda mafuta yanapoachiliwa, lakini si vyombo vyote vilivyo navyo, na mgeni hawezi kujua kwa kuitazama rangi ya chombo.

Mfano wa baba na binti

Chukua mfano wa baba mmoja aliyetoka Nakuru kwa likizo ya Desemba pamoja na binti yake wa miaka 12. Baba ni mwendesha boda boda wa miaka mingi, na alipoziona jetski alijiambia kuwa hiyo ni pikipiki tu iliyoingia majini. Kijana aliyekuwa na vyombo viwili ufuoni hakumkabidhi ufunguo mara moja. Alimketisha juu ya chombo kikiwa bado mchangani, injini ikiwa imezimwa, kisha akamuuliza swali.

"Mzee wangu, barabarani ukiona hatari mbele unafanya nini?"

"Naachilia mafuta, nashika breki, nakwepa."

"Ukifanya hivyo hapa, utamgonga yule unayemkwepa."

Baba alicheka kidogo, lakini kijana hakucheka. Alimweleza kuwa baharini mtu hukwepa kwa kuacha mafuta kiasi, si kuyaachilia yote, huku akigeuza usukani kuelekea mahali palipo wazi. Akamtaka arudie kwa mikono yake: punguza, bakisha kidogo, geuza. Walirudia mara tano, binti akihesabu kwa sauti. Ndipo walipovaa jaketi za kuokoa maisha.

Nusu saa baadaye, wakiwa ndani ya mwamba nyuma ya kiongozi, mvulana mmoja aliyekuwa juu ya tyubu alionekana mbele yao. Mkondo ulikuwa umemtoa mahali pa kuogelea bila yeye kujua. Mkono wa baba ulifanya ulichozoea barabarani: uliachilia mafuta. Chombo kikaenda moja kwa moja kuelekea tyubu. Lakini somo la mchangani lilimrudia. Alibonyeza leva kidogo, akageuza usukani kulia, na chombo kikapinda. Kiongozi aliona, akainua mkono kusimamisha ziara, akamsogelea mvulana polepole, akazima injini na kumpa kamba ashike hadi maji ya kina kifupi.

Hakuna aliyeumia. Tofauti kati ya siku hiyo na msiba ilikuwa dakika kumi za mafunzo kabla ya injini kuwashwa, na ujasiri wa kijana kumfanya mteja mkubwa kuliko yeye arudie jambo aliloliona la kitoto.

Mambo yanayofanywa ufuoni kabla ya kuondoka

Ziara nzuri hutengenezwa mchangani. Kiongozi anayefahamu kazi yake hupitia mambo haya na kila mteja, hata anayedai amewahi kuendesha.

Kwanza ni jaketi. Kila mtu, awe mwendeshaji au abiria, avae jaketi la kuokoa maisha la saizi yake na afunge mikanda yote. Jaketi likiweza kuvutwa juu kwa mabega hadi likapita kidevu, ni kubwa mno na litamtoka mtu majini. Mtoto hawezi kuvishwa jaketi la mtu mzima eti ni la muda mfupi.

Pili ni kamba ya kuzimia injini. Hii ni kamba fupi, mara nyingi nyekundu au ya rangi kali, ambayo upande mmoja huchomekwa kwenye chombo na upande mwingine hufungwa mkononi au kwenye jaketi la mwendeshaji. Akianguka, kamba huchomoka na injini huzimika papo hapo. Bila kamba hiyo, chombo kinaweza kuendelea na safari bila mtu. Kamba iliyofungwa kwenye usukani badala ya mkononi haina kazi yoyote.

Tatu ni kukaa. Abiria hukaa nyuma ya mwendeshaji, hamshiki kwa kamba wala begi bali kiunoni au kwenye vishikio, na miguu yake ifike mahali pa kukanyagia. Mtoto asiyefika hapo hajawa tayari kupanda. Asiwekwe mbele ya mwendeshaji, kwa kuwa chombo kikigonga wimbi uso wake ndio utakaopiga usukani. Kuhusu kuendesha, watengenezaji wakubwa wa vyombo hivi wanapendekeza mwendeshaji awe na umri usiopungua miaka 16.

Nne ni mavazi. Jambo hili huonewa haya, lakini wakazi wanapaswa kulijua. Mtu anapoanguka kwa nyuma karibu na mdomo wa pampu, maji yanayotoka kwa nguvu yanaweza kuingia mwilini kupitia sehemu za chini na kusababisha majeraha mabaya ya ndani. Ndiyo maana maandishi ya tahadhari kwenye vyombo hivi hushauri kuvaa kaptula au suruali ya mpira kama ya wapiga mbizi. Chupi ya kuogelea pekee haitoi kinga hiyo. Mwendeshaji naye asiondoke kwa kishindo kabla abiria hajashika vizuri. Nywele ndefu, leso, shuka na kamba za jaketi zinazoning'inia zifungwe au ziachwe ufuoni, kwa sababu pampu huzivuta.

Tano ni ishara. Baharini sauti haifiki, hivyo kiongozi na wateja hukubaliana kwa mikono: ishara ya kupunguza, ya kusimama, ya kukusanyika, na ya "nina shida". Ishara hutofautiana kati ya kiongozi mmoja na mwingine. La msingi ni kwamba wote kwenye kundi wazijue zilezile kabla ya kuondoka.

Kusoma bahari: maji na upepo

Wakazi wa mwambao wanajua kwamba bahari ya asubuhi si ile ya jioni. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na saa zake husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku. Kwa hivyo kiongozi anayesema "ziara yetu ni saa nne kila siku" ama hajui bahari, ama hajali.

Wakati wa bamvua, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hapa Mombasa huzidi mita tatu. Maji yakipwa, sehemu kubwa ya eneo lililo ndani ya mwamba hubaki na kina cha magoti. Jetski ikipita hapo huvuta mchanga, mwani na vipande vya matumbawe ndani ya pampu. Chombo huharibika, na nyasi za baharini hung'olewa. Kwa kawaida watengenezaji hushauri chombo kisiwashwe kwa nguvu penye kina kisichofika kiunoni. Aidha, maji kupwa ndio wakati ambapo watu hutembea kwa miguu hadi karibu na mwamba kutafuta pweza, au kuonyeshwa viumbe wa baharini. Wao hawatarajii kukutana na injini.

Upepo nao una msimu wake. Katika kipindi cha kaskazi, kati ya Desemba na Machi, bahari kwa kawaida hutulia zaidi. Kusi ikishika, kuanzia Mei hadi kama Septemba, mawimbi hupanda na mlango wa mwamba huwa mkali. Ziara inayofaa Januari huenda isifae Julai. Kiongozi anayeahirisha safari kwa sababu ya hali ya bahari hajamnyima mteja haki yake. Ametimiza kazi aliyolipwa kuifanya.

Nani ampishe nani

Baharini hakuna taa za barabarani, lakini sheria zipo. Kanuni za kimataifa za kuzuia vyombo kugongana baharini, zilizopitishwa mwaka wa 1972, zinahusu jetski kama zinavyohusu meli. Mwendeshaji wa ziara anahitaji kukumbuka machache.

Vyombo viwili vya injini vikikutana uso kwa uso, kila kimoja hupinda kulia. Vikikatizana njia, anayemwona mwenzake upande wake wa kulia ndiye anayepisha. Anayempita mwenziwe kwa nyuma ndiye mwenye wajibu wa kukaa mbali. Chombo cha injini humpisha anayesafiri kwa tanga, na humpisha pia mvuvi ambaye nyavu zake zimemzuia kugeuka kwa urahisi. Kwa hivyo ngalawa ikiwa na tanga lake juu, si kazi ya mvuvi kuhangaika kuikwepa jetski.

Kanuni hizo pia zinasema chombo kidogo kisizuie meli inayopita kwenye mkondo mwembamba. Kwa kisiwa chetu, maana yake ni wazi. Mkondo wa Kilindini ni njia ya meli kubwa, na feri za Likoni hukatiza hapo mchana na usiku. Nahodha wa meli ya mizigo hawezi kukiona chombo kidogo kilicho karibu na pua ya meli yake, na hata akikiona, meli hiyo huhitaji umbali mrefu sana kusimama. Mtalii anaweza kutamani kuliona jiji na Fort Jesus kutoka majini, jengo ambalo Wareno walianza kulijenga mwaka wa 1593 na ambalo UNESCO iliorodhesha kuwa urithi wa dunia mwaka wa 2011. Ziara ya aina hiyo si ya kubahatisha. Inahitaji kiongozi mwenye kibali, anayejua njia ya meli iko wapi na mipaka ya bandari iko wapi.

Karibu na waogeleaji hakuna haja ya kanuni ndefu. Chombo kitoke ufuoni na kurudi kwa mwendo wa mtu anayetembea, kikipitia njia moja iliyo mbali na watu. Kasi iongezwe tu baada ya kuwapita wote. Umbali wa mita 50 kutoka kwa muogeleaji, mtumbwi au chombo kingine ni kipimo cha busara. Kurukia mawimbi ya boti inayopita na kurushiana maji kati ya jetski mbili ni michezo iliyowaumiza wengi duniani, na haina nafasi katika ziara.

Ukianguka majini

Kuanguka si aibu, na mara nyingi si hatari kwa aliyevaa jaketi na kamba. Hatari huja kwa hofu.

Ukianguka, tulia, jaketi litakuelekeza juu. Chombo kitakuwa kimezimika. Kiogelee kuelekea nyuma yake, kisha panda kutoka katikati ya nyuma, mwendeshaji kwanza na abiria baadaye. Usipande kutoka ubavuni, kitakupindukia. Injini isiwashwe mpaka kila mtu awe ameketi.

Kama chombo kimepinduka juu chini, tazama nyuma yake. Kuna kibandiko kinachoonyesha upande wa kukigeuzia. Kukigeuza kinyume kunaweza kuingiza maji kwenye injini, na safari itaishia hapo. Kama huwezi kupanda, baki na chombo, kwa kuwa ni rahisi zaidi kukiona kutoka mbali kuliko kichwa cha mtu. Usijaribu kuogelea hadi ufuoni hata kama unauona. Inua mkono na umsubiri kiongozi.

Mkazi aliye ufuoni akiona mtu anazama asikimbilie kuruka majini mikono mitupu. Wengi wamezama wakijaribu kuokoa wengine. Rusha kitu kinachoelea: tyubu, jaketi, au hata jerikeni tupu lililofungwa kifuniko. Ita waokoaji. Aliyetolewa majini bila kupumua aanze kupewa pumzi na kushinikizwa kifua na mtu aliyefunzwa, bila kungoja gari. Hata akizinduka, apelekwe hospitali, kwa sababu maji yaliyoingia kwenye mapafu yanaweza kumdhuru saa kadhaa baadaye.

Bahari ya viumbe wengine

Sehemu ya maji yaliyo mbele ya fuo za kaskazini mwa kisiwa ni hifadhi. Mbuga ya Kitaifa ya Baharini ya Mombasa na hifadhi inayoizunguka zilitangazwa mwaka wa 1986, na zinasimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Ndani ya mbuga hairuhusiwi kuvua samaki wala kuchukua matumbawe au kombe. Yeyote anayepanga njia ya ziara anapaswa kuuliza KWS mipaka iko wapi na masharti ni yapi, kisha ampeleke mgeni kwa mujibu wa masharti hayo.

Kasa hutegemea nyasi za baharini na mwamba huo kwa chakula, na baadhi yao hupanda fuo za Nyali na Bamburi kutaga mayai. Kasa hupumua hewa kama binadamu. Lazima aje juu, na anapokuja juu huwa hana kinga dhidi ya chombo kinachokwenda kasi. Pomboo nao wasikimbizwe wala kuzungukwa. Kiongozi akiwaona apunguze mwendo, akae pembeni, na kuwaacha waamue wenyewe kama watasogea.

Kwa wenye vyombo, mafuta yasijazwe chombo kikiwa majini au karibu na anayevuta sigara. Baada ya kujaza, kifuniko cha injini kiachwe wazi kwa muda ili mvuke wa petroli utoke, kwani cheche moja inaweza kulipua. Mafuta ya safari yagawanywe mafungu matatu: fungu la kwenda, fungu la kurudi, na fungu la dharura.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Mteja ana haki ya kuuliza, na mwenye biashara halali hatachukia. Wakazi wanahimizwa kuuliza yafuatayo, na kuwafundisha wageni wao kuuliza vivyo hivyo:

1. Je, chombo hiki kimekaguliwa? Usalama wa vyombo vya majini nchini, vikiwemo vidogo, husimamiwa na Halmashauri ya Usimamizi wa Bahari, KMA.
2. Je, biashara ina kibali cha kaunti?
3. Nani ataongoza, na ataongoza watu wangapi kwa wakati mmoja?
4. Tutapita wapi, na maji yatakuwa yakijaa au yakipwa?
5. Mna jaketi la saizi ya kila mmoja wetu?
6. Kiongozi ana simu isiyoingia maji au redio ya kuwasiliana na ufuoni?
7. Nikiharibu chombo au nikiumia, makubaliano ni yapi? Yaandikwe, si ya mdomo tu.

Jibu la "usijali, bosi" si jibu. Vilevile, mteja aliyekunywa pombe hapaswi kupewa chombo, hata akiahidi kulipa mara mbili. Kiongozi anayekataa pesa hizo anamlinda mteja, mtoto wa jirani, na kazi yake mwenyewe ya kesho.

Wajibu wa mkazi

Ukiona jetski ikipita kwa kasi kati ya waogeleaji, usiridhike na kulalamika mchangani. Tazama namba au alama ya chombo, kumbuka saa na mahali, kisha ripoti kwa waokoaji wa ufuo, polisi wa utalii, Walinzi wa Pwani au afisi ya KMA. Wavuvi wanaweza kupitia kikundi chao cha usimamizi wa ufuo, BMU. Wakati wa dharura, piga 999 au 112.

Wazazi nao wana sehemu yao. Tyubu si jaketi, na mtoto aliye juu ya tyubu anaweza kusukumwa mbali na upepo katika muda wa kununua madafu. Mvulana wa mfano wetu aliokolewa na kiongozi makini, lakini hakupaswa kuwa pale.

Jipime

1. Unaona mtu mbele yako ukiwa juu ya jetski. Je, utaachilia mafuta yote?
2. Ngalawa yenye tanga inakatiza mbele yako. Nani apishe?
3. Kamba ya kuzimia injini hufungwa wapi?
4. Mtoto wako hafiki mahali pa kukanyagia. Je, apande mbele yako?
5. Umeanguka na ufuo unaonekana. Je, uogelee kurudi?

*Majibu:* 1. La. Punguza, bakisha kidogo, geuza kuelekea palipo wazi. 2. Wewe mwenye injini. 3. Kwenye mkono au jaketi la mwendeshaji. 4. La, asubiri hadi akue. 5. La, baki na chombo na uinue mkono.

Wakazi wanaombwa kulisoma somo hili pamoja na watoto wao kabla ya likizo, na vikundi vya vijana wenye vyombo wanaweza kulibandika mahali wanapohudumia wateja.